Ndege Wahamao na Dawa za Mashambani: Ushirikiano wa Kimataifa Ukitazamwa kutoka Matinyani

Wanyamapori wahamao, kwa maana ya Mkataba wa Bonn, ni wale ambao sehemu kubwa ya kundi lao huvuka mipaka ya nchi kwa majira yanayotabirika. Mkataba huo ulitiwa saini 1979 na kuanza kutumika 1983. Kenya na Tanzania zilijiunga nao 1999. Una orodha mbili. Ya kwanza ni ya wanyama walio hatarini kutoweka, ambao kila nchi mwanachama inatakiwa kuwalinda bila kungoja nyingine. Ya pili ni ya wale ambao hali yao inazilazimu nchi kukubaliana. Juu ya msingi huo yamejengwa Makubaliano ya ndege wa majini wa Afrika, Ulaya na Asia (1995) na Maelewano ya Abu Dhabi kuhusu ndege wawindaji (2008).

Ukitajwa uhamaji wa wanyama katika kaunti za Kitui na Makueni, Kenya, fikra hukimbilia tembo, na kwa haki. Hifadhi ya Kitui Kusini imepakana na Tsavo Mashariki, na tembo wa Tsavo huvuka mpaka kuingia Mkomazi, Tanzania. Kenya na Tanzania zimewahesabu kwa pamoja kutoka angani, na ushirikiano huo unastahili sifa. Hata hivyo wahamiaji wanaofika Matinyani kwenyewe, wadi ya wakulima huko Kitui isiyo na hifadhi wala lango la mbuga, wana mabawa.

Huja na mvua za vuli. Ngulia, Tsavo Magharibi, ng'ambo kidogo ya Makueni, ndege wadogo kutoka Ulaya na Asia wamekuwa wakinaswa kwa nyavu na kuvishwa pete tangu 1969, hasa Novemba na Desemba, usiku wa ukungu wanapovutwa na taa za hoteli. Pete za Ngulia zimepatikana Ulaya, Mashariki ya Kati na kusini mwa Afrika. Pamoja nao hupita kambu wa Ulaya, aliye katika orodha ya kwanza ya Mkataba, korongo weupe, na kozi wa Amur. Kozi huyu huzaliana Siberia ya mashariki na China kaskazini, hupumzika kaskazini-mashariki mwa India, kisha huvuka bahari hadi Afrika bila kutua. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka vichuguuni na kozi hao huwadaka kwa kucha na kuwala wakiwa hewani, makundi kwa makundi, juu ya mashamba ya mbaazi na ndengu.

Habari ya kozi wa Amur huonyesha jinsi ushirikiano unavyoweza kufaulu haraka. Mwaka 2012 ilifichuka kwamba katika bwawa la Doyang, jimbo la Nagaland, maelfu kwa maelfu walikuwa wakinaswa kwa nyavu za wavuvi na kuuzwa kama kitoweo. Serikali, makanisa na mabaraza ya vijiji yaliingilia kati, na mwaka uliofuata mauaji hayo yalikoma. Wanavijiji wa Nagaland waliacha pato lao. Ni halali kuuliza upande huu wa bahari unawapokeaje ndege waliookolewa kule.

Hapa ndipo penye tatizo ambalo mada hii inakusudia kulijadili. Afrika Mashariki ina ushirikiano wa kimataifa wa aina mbili juu ya viumbe wahamao, na kila mmoja hufanya kazi kana kwamba mwingine haupo. Wa kwanza ni ule wa kuhifadhi, uliokwisha kuelezwa. Wa pili ni wa kuangamiza: Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoundwa 1962, hushughulikia nzige, viwavijeshi na kwelea, ambao nao hawajui mipaka. Kazi yake ni ya lazima. Mkulima wa mtama au mawele anayepoteza shamba kwa kwelea hawezi kuambiwa asubiri. Lakini nzige na viwavijeshi ndio chakula cha korongo na kozi, na kwelea ndio chakula cha ndege wawindaji. Dawa inapopigwa, wahamiaji wa orodha za Bonn wanakuwa mezani.

Dawa inayotumiwa sana kwa kwelea ni fenthioni, na kwa nzige waliovamia Kenya kuanzia mwisho wa 2019, Kitui ikiwemo, ilitumika fenitrothioni miongoni mwa nyingine. Zote mbili huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu. Kiumbe hutetemeka, hupooza, kisha hushindwa kupumua. Mdudu au kwelea anayetetemeka ndiye rahisi zaidi kukamatwa, kwa hiyo ndege mwindaji huvutwa palepale penye sumu.

Dawa ya serikali ni sehemu tu ya mambo. Ndengu za vuli hutoa maua karibu na Desemba, wakati huohuo wa kupita kozi na kambu, na hapo ndipo mkulima hubeba pampu mgongoni dhidi ya vidukari na viwavi. Dawa inayouzwa kwa kupimwa kidogokidogo katika chupa ya soda haina lebo, rangi ya tahadhari wala maelezo ya kipimo. Anayeumia kwanza ni mkulima mwenyewe.

Si kwamba mwongozo haupo. Mkutano wa nchi wanachama wa Mkataba wa Bonn uliofanyika Quito 2014 ulipitisha mwongozo wa kuzuia ndege wahamao wasidhuriwe na sumu, ukitaja dawa za wadudu waziwazi. Mei 2025, baada ya kukwama katika mikutano kadhaa, fenthioni kali iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam, hivyo nchi inayoiuza nje lazima ipate kwanza uamuzi wa nchi inayopokea. Kinachokosekana ni njia ya kuufikisha mwongozo wadini. Mikataba na wanyamapori viko chini ya serikali ya kitaifa, ilhali kilimo, kwa Katiba ya 2010, kwa sehemu kubwa ni cha kaunti. Afisa wa kilimo hapewi orodha ya ndege, na afisa wa wanyamapori hapewi ratiba ya kupiga dawa. Kwa heshima zote kwa taasisi zinazohusika, hali hii imevumiliwa kupita kiasi.

Argentina imeonyesha kwamba inawezekana. Katika kiangazi cha 1995–96, maelfu ya mwewe wa Swainson, wanaozaliana Amerika Kaskazini, walikufa katika mashamba yake baada ya kula panzi waliopigwa monokrotofosi. Marekani, Kanada, Argentina na mtengenezaji wa dawa walikaa pamoja, na dawa hiyo ikaondolewa. Mazungumzo yalianza kwa sababu mizoga ilikuwa imehesabiwa.

Kwa hiyo inapendekezwa, kwanza kabisa, wahusika wa Mkataba wa Bonn na wa Shirika la Nzige katika kila nchi wakutane kabla ya kila vuli, wakiwa na ramani moja ya njia za ndege na maeneo yatakayopigwa dawa. Kaunti za Kitui na Makueni zialikwe kwa haki, si kwa hisani.

Fenthioni iachwe palipo na njia nyingine. Wilayani Kondoa, Tanzania, kwelea wamekuwa wakinaswa kwa wingi na kuliwa, na kwa nzige, Somalia ilitumia kuvu wa Metarhizium 2020. Pasipo na budi, taarifa itolewe mapema kwa afisa wa wanyamapori, na maeneo wanakolala ndege wawindaji yarukwe.

Kila operesheni ifuatwe na hesabu ya mizoga, na sampuli zipelekwe maabara kabla ya kuoza. Gharama ya hesabu hiyo iingizwe katika bajeti ya dawa yenyewe.

Dawa za ndengu ziuzwe katika vifungashio vidogo vilivyofungwa kiwandani, vyenye maelezo kwa Kiswahili na Kikamba, na upimaji wa chupani ukomeshwe. Wakulima wafundishwe kupiga dawa wadudu wanapozidi kiwango, si kwa kufuata kalenda.

Vikundi vinavyotunza mabwawa ya mchanga viombwe kutoa taarifa za ndege waliokufa, kwa kuwa maji hayo ndiyo ndege hukimbilia. Namba moja ya simu katika kila wadi yatosha, mradi iwe na mtu wa kuipokea Novemba na Desemba.

Mwisho, na hili limekwisha kusemwa hapo juu, mkutano wa kabla ya vuli uandikwe katika ratiba za wizara zote mbili, ya kilimo na ya wanyamapori, na kumbukumbu zake zifike kwa afisa wa kilimo wa wadi kabla ya mbegu kupandwa.