BEI YA MAHINDI NA SAUTI YA MKULIMA

Hotuba ya Kamati ya Kilimo, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, akina mama, na wanachama wote,

Kamati yenu imepewa nafasi ya kusema juu ya mahindi, nasi twaona hapana jambo liwahusulo watu wa chama hiki zaidi ya hilo. Mtoto akienda shule, karo yake imetoka ghalani. Mgonjwa akipelekwa hospitali, nauli yake imetoka ghalani. Hata mchango wa mwaka, ambao Mweka Hazina amekwisha kuueleza, kwa wengi wetu ulikuwa mahindi kabla haujawa fedha. Basi bei ya gunia ikianguka, haianguki shambani peke yake. Yaanguka ndani ya nyumba.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya kikoloni ilianza kuyadhibiti mahindi ya Kenya yote. Aliyewekwa kuwa wakala wa kununua ni Kenya Farmers' Association, chama cha wakulima wa Kizungu. Mwaka ule ule ilitungwa sheria ya kuongeza mazao, ambayo ilimpa mlowezi bei ya hakika na malipo ya hakika kwa kila eka, hata kama mvua ilimnyima mavuno. Mwafrika hakupewa hakika hiyo. Bei yake ilikatwa gharama za uchukuzi, tena ikakatwa fedha za mifuko ya maendeleo ya wilaya, ndipo kilichobaki kikatiwa mkononi mwake. Mahindi yalikuwa ya rangi moja, lakini bei zilikuwa mbili.

Baadaye zikaja bodi, moja baada ya nyingine. Bodi ya kuuza mahindi iliundwa mwaka 1959. Mwaka 1966 ikawa Bodi ya Mahindi na Mazao. Na mwaka 1979 hiyo iliunganishwa na Bodi ya Ngano ikawa Bodi ya Nafaka na Mazao, iliyopata sheria yake mwaka 1985. Kwa miaka mingi mtu hakuweza kuyavusha mahindi yake mengi kutoka wilaya moja hata nyingine bila kibali, na amri hizo hazikuondolewa zote hata mwaka 1993. Majina ya bodi yamegeuka mara nyingi, lakini swali la mkulima ni lile lile: bei ilipopangwa, ni nani aliyekuwapo kusema kwa ajili yake?

Sasa tuseme juu ya bei yenyewe. Sisi wa nyanda za juu za Bonde la Ufa twapanda mwezi wa Machi na Aprili, na kuvuna kuanzia Oktoba. Mkulima hukopa, hulima, hununua mbegu na mbolea, hupalilia, na ndipo akisha kuvuna huambiwa serikali itanunua kwa shilingi ngapi. Mfano tunao. Mavuno ya mwaka 1917 hatukuyaona, lakini ya mwaka 2017 twayakumbuka sote: gunia la kilo 90 lilinunuliwa kwa shilingi 3,200. Mkulima akapanda mwaka uliofuata akiitazama bei hiyo. Mwaka 2018 ulipofika mwisho akaambiwa ni shilingi 2,300, na baada ya malalamiko mengi ikapandishwa kuwa 2,500. Mwenye magunia 50 aliyekuwa akitazamia shilingi 160,000, sasa alitazamia 125,000. Shilingi 35,000 zilitoweka, naye hakufanya uvivu wala hakupungukiwa na mvua.

Wala si bei tu. Mwaka 2018 wakulima wengi walikaa miezi wakingoja malipo ya mahindi waliyoyapeleka, huku habari zikienea kwamba wafanya biashara walikuwa wamekwisha kulipwa. Jambo hilo lilikuwa zito hata Seneti ikaunda kamati maalum ya kulichunguza. Mkulima aliye na deni hawezi kungoja kamati. Shule hufunguliwa siku yake, na mkopeshaji huhesabu riba kila mwezi.

Lakini, wazee wetu, haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Mtu wa mjini naye hula. Mwezi wa Mei 2017, bei ya unga ilipopanda mno, serikali ilitoa ruzuku ili pakiti ya kilo mbili iuzwe kwa shilingi 90, ikaruhusu na mahindi ya ng'ambo kuingia bila ushuru. Tena tangu mwaka 2005 sisi na majirani zetu wa Uganda na Tanzania tumo katika umoja mmoja wa forodha, nao wanayo haki ya kuleta mahindi yao. Hatuwezi kudai kwamba mwenye njaa angoje mpaka sisi tushibe.

Zaidi ya hayo, wengi wa wakulima wadogo wa nchi hii hununua mahindi mengi kuliko wanayoyauza. Na katika chama hiki wamo. Mwezi wa Disemba mama huuza gunia. Mwezi wa Juni huyo huyo huonekana sokoni akinunua gorogoro. Tufanye hesabu. Gorogoro ni kilo mbili hivi, kwa hiyo gunia ni gorogoro 45. Aliyeuza gunia kwa shilingi 2,500 alipata kama shilingi 55 kwa kila gorogoro. Kila shilingi aongezayo juu ya hizo 55 anapoyanunua tena, ni malipo ya ghala la mtu mwingine. Ndiyo sababu hatusimami hapa kulilia bei kubwa tu. Bei kubwa ya Juni humwumiza yule yule tunayetaka kumsaidia. Tunalolitaka ni bei ijulikanayo mapema, malipo yasiyokawia, na mahali pa kuyaweka mahindi mpaka wakati ufaao.

Juu ya msaada wa kilimo, hatutakuwa watu wa kukana wema. Kitale ndiko ilikozaliwa mbegu chotara H611, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964, nayo ilibadili mashamba ya nchi hii. Mbolea ya ruzuku nayo ilishushwa mwaka 2023 hata shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, na wengi walishukuru. Lakini mwaka 2024 ilibainika kuwa baadhi ya mifuko iliyouzwa katika mpango huo haikuwa na kiwango kitakiwacho, na habari ikafika Bungeni. Fedha zaweza kurudishwa, msimu haurudishwi. Kadhalika adui wa mimea wameongezeka. Ugonjwa wa kunyausha mahindi ulionekana Bomet mwaka 2011, na viwavijeshi wageni waliingia mwaka 2017. Mashamba ni mengi na mabwana shamba ni wachache, kwa hiyo mara nyingi mkulima huujua ugonjwa kwa jina baada ya shamba kukauka.

Kuna na jambo la unyevu. Ghala la serikali hukataa mahindi yenye unyevu uzidio asilimia 13.5. Wengine hunung'unika, wakisema huo ni uonevu. Sivyo. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika nchi ya Ukambani kwa sumu ya ukungu iliyokuwa katika mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Kipimo hicho hulinda roho za watu. Uonevu ni huu, kwamba mkulima ahimizwa kukausha na mashine ya kukaushia iko mbali naye, na mvua yanyesha. Akirudishwa langoni na mzigo wake, humkuta mchuuzi njiani ambaye hana kipimo cho chote, naye humlipa apendavyo.

Wahenga walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Walowezi walilijua neno hilo vizuri. Walianzisha muungano wa wakulima wa nchi nzima, na kila serikali ilipotaka kupanga jambo la kilimo iliwakuta wameketi, wana hesabu zao mkononi. Hawakupewa bei nzuri kwa kuwa walilia sana; walikuwa na daftari, tena walikuwa na wenyewe serikalini. Sisi leo tunayo Katiba ya mwaka 2010, ambayo yataka wananchi washirikishwe, na iliyoweka kazi nyingi za kilimo mikononi mwa kaunti. Lakini mara ngapi tumeitwa kutoa maoni tukaenda na maneno matupu? Tukiulizwa eka moja yagharimu kiasi gani, kila mmoja hutaja lake.

Basi Kamati yaleta mbele yenu mashauri manne.

Kwanza, kila mwanachama aandike gharama zake zote za shamba, tangu kulima hata kupakia gunia, na kuziwasilisha kwa Mwandishi wa Chama kila mwaka kabla ya mwisho wa Januari. Wasiojua kuandika wasaidiwe na vijana wetu.

Pili, wachaguliwe wajumbe wawili, mmoja wao awe mwanamke, wa kwenda kwenye mikutano ya kaunti na ya vyama vya wakulima. Mjumbe asiwe mtu mwenye kufanya biashara ya kununua mahindi, naye arudi kutoa habari kwenu kila mara.

Tatu, wajumbe hao wapeleke ombi kwamba bei ya serikali itangazwe kabla ya kupanda, na malipo yawe na siku maalum.

Nne, sehemu ya akiba ya chama itumike kwa ghala moja na mashine moja ya kukaushia, pamoja na magunia yasiyopitisha hewa, ili dumuzi na fukusi wasiwe washirika wetu. Sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2019 yamruhusu mkulima kuweka nafaka katika ghala lililoidhinishwa, apewe stakabadhi, na kwa stakabadhi hiyo aweze kukopa benki bila kuuza kwa haraka. Ghala letu dogo halitakuwa la namna hiyo mara moja, lakini litatuzoeza kuyakusanya, kuyakausha na kuyapima pamoja.

Twajua wapo wazee wasemao kwamba fedha za chama ni za msiba na karo, na si za mabati na mashine. Neno lao ni la heshima, maana chama hiki kilijengwa kwa kuzikana na kusaidiana. Lakini twawaomba wafikiri: wengi wa wale waliokuja kwetu kuomba karo mwezi wa Januari walikuwa wamekwisha kuuza mahindi yao mwezi wa Disemba. Tukiwapa karo bila ghala, mwakani watakuja tena, na mfuko utapungua. Wala hatuombi akiba yote. Twaomba theluthi moja, na hesabu yake isomwe waziwazi katika kila mkutano.

Bwana Mwenyekiti, shauri la nne ndilo litakalopigiwa kura leo. Ye yote aliye na swali na aulize sasa, hata kama ni swali kali, maana ni heri kubishana hapa kuliko kunung'unika njiani. Tukisha kukubaliana, au kukataa, iwe ni neno la sote.