Mradi Huu ni wa Nani?

Kikundi chenu kinataka mradi wa maji na mnaandika ombi la ufadhili. Penye "wanufaika" wengi hujaza "wanajamii", kisha huendelea. Wanajamii gani?

Tazama Embu peke yake. Manyatta, upande wa Mlima Kenya, ni baridi na majani chai. Teremka hadi Kiritiri kule Mbeere, ni ukame, mbuzi na muguka. Meru nako, mchuma chai wa Imenti na mchuma miraa wa Igembe hawana ratiba moja.

Katika maeneo haya, mradi wa maliasili wa Upper Tana, uliofadhiliwa na serikali pamoja na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) kuanzia 2012, ulifanya kazi na vyama vya watumiaji wa maji na vyama vya misitu. Hapo nawapa heko waliouendesha: walianza na wanaotumia, si wanaohutubia.

Maana kwenye baraza la chifu, viti vya mbele ni vya wazee. Anayeteka maji yuko mtoni. Mfuate huko alfajiri. Muulize anajaza mitungi mingapi ya lita 20 kwa siku, foleni humchukua muda gani, na wakati wa kiangazi huenda wapi. Usimuulize kama anataka maji, nani atakataa? Uliza kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere, na anayeandika asiwe jamaa ya mwenyekiti wa kikundi. Ukimaliza, msomee uliyoandika. Akisema umekosea, futa.

Simu ziko wazi. Uliyewahi kuhojiwa kuhusu mradi wowote, tuambie uliulizwa nini.