Mtaji si Faida: Maneno kwa Mabibi wa Handeni na Korogwe

Leo nataka kunena habari ya fedha ya mwanamke wa mjini, na hasa wale wa Chanika huko Handeni na wa Manundu huko Korogwe, ambao wengi wao hawana shamba karibu, na karibu kila kitu hununua, hata mkaa.

Tuseme mama mmoja apika maandazi. Asubuhi atoa shilingi 20,000 kwa unga, sukari, mafuta na mkaa. Jioni ahesabu shilingi 27,000, naye afurahi. Katika hizo atwaa 10,000 kwa chakula cha watoto. Je, ametumia faida? La. Faida ni 7,000 tu. Zile 3,000 zilizozidi amezila katika mtaji. Kesho atapikia 17,000, na keshokutwa 12,950, maana biashara yapungua, lakini matumbo ya watoto hayapungui. Siku ya nne, akiisha kununua chakula, hubaki na shilingi mia moja hivi. Hakuibiwa, wala si mvivu, hakutenga tu. Basi dawa ya kwanza ni vikopo viwili, kimoja cha mtaji na kimoja cha nyumbani. Nanyi mabwana, kikopo cha mtaji msikiguse.

Mtaji ukiisha, wengi hukimbilia mikopo ambayo watu wameiita "kausha damu." Akopaye 100,000 kwa riba ya 20 katika mia kila mwezi, baada ya miezi mitatu hudaiwa 160,000, na huenda kitanda chake kikachukuliwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka mkopeshaji awe na leseni. Ombeni kuiona, wala msitie dole gumba katika karatasi msiyosomewa.

Njia iliyo njema zaidi ni kikundi cha kuweka na kukopeshana. Mtindo huu ulianza kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE. Wanachama hununua hisa, sanduku hufungwa kwa kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbali mbali. Hesabu husomwa mbele ya wote, na riba huwarudia wenyewe wagawanapo mwisho wa mwaka.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Asiyejua kuandika na amwombe mwanawe wa shule amwandikie kila jioni. Kwaherini.