Nani Amebaki Upande wa Pili wa Bunge?

Mwezi wa Aprili mwaka wa 2004, mbunge wa Ntonyiri kwa tiketi ya KANU, Maoka Maore, alisimama Bungeni na karatasi mkononi. Chama chake kilikuwa kimeng'olewa madarakani mwaka mmoja na ushei uliotangulia, baada ya kutawala Kenya tangu uhuru. Karatasi zile zilionyesha kwamba serikali mpya ya NARC ilikuwa imekubali kuilipa kampuni moja isiyojulikana, Anglo Leasing, euro milioni 30 kwa mitambo ya kuchapisha pasipoti. Kampuni ya Ufaransa ilikuwa imesema kazi hiyo hiyo ingeifanya kwa euro milioni 6. Haukupita muda mrefu, pesa zikaanza kurudi zenyewe. Karibu euro milioni 1 zilirejeshwa serikalini, na waliozirudisha hawakutaka kujulikana.

Kila uchaguzi unapokaribia, tunaulizana ni chama gani kikishika serikali bei ya unga itashuka. Naona tunauliza swali la pili kabla ya lile la kwanza. La kwanza ni hili: chama hicho kikishaingia, nani atabaki nje akikagua vitabu?

Watetezi wa NARC watanikumbusha kwamba mwaka wa 2002 uchumi wetu ulikua kwa chini ya asilimia 1, na kufikia 2007 ulikuwa unakua kwa karibu asilimia 7. Ni kweli, na siwanyang'anyi sifa yao. Watoto waliingia shule za msingi bila karo Januari 2003. Ushuru ulianza kukusanywa ipasavyo. KCC ilifufuliwa, na mkulima wa maziwa akapata tena pa kupeleka maziwa yake. Lakini miaka hiyo hiyo Bunge lilikuwa na upinzani wenye meno. Kamati ya Uhasibu wa Fedha za Umma, ile PAC tunayoisikia kila mara, iliongozwa na kiongozi rasmi wa upinzani, Uhuru Kenyatta. Februari 2006 Waziri wa Fedha, David Mwiraria, alijiuzulu kwa sababu ya kashfa ya Anglo Leasing. Mwezi huo huo kamati ilisafiri hadi London kusikiliza ushahidi wa John Githongo, aliyekuwa mshauri wa rais kuhusu maadili na vita dhidi ya ufisadi. Uchumi ulikua, na waliokuwa wakiula wakaulizwa.

Linganisha na kilichotangulia. Kashfa ya Goldenberg ilianza mwaka wa 1990, wakati kila mbunge alikuwa wa KANU kwa mujibu wa sheria. Serikali ililipa fidia ya mauzo ya dhahabu ambayo nchi haikuwa nayo. Walioanza kulipigia kelele jambo hilo Bungeni ni wabunge wa upinzani walioingia baada ya uchaguzi wa 1992. Na uchaguzi wenyewe ulifanywa kwa noti zilizomwagwa mitaani, hadi noti mpya ya shilingi 500 ikaitwa Jirongo, jina la kiongozi wa vijana waliompigia debe Rais Moi. Mwaka wa 1993 mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 46. Aliyekuwa na mshahara wakati huo anajua maana yake. Mshahara ulikuwa ule ule, sukari haikuwa bei ile ile.

Niruke miaka ya serikali ya muungano, ile tuliyoiita nusu mkate, yenye mawaziri wapatao 40, nifike Machi 2018, Uhuru Kenyatta, sasa akiwa rais, na kiongozi wa upinzani, marehemu Raila Odinga, waliposalimiana kwenye ngazi za Harambee House. Nchi ilishusha pumzi, nami nilishukuru. Miezi sita baadaye ukaja ushuru wa VAT kwa mafuta ya petroli. Serikali ilitaka asilimia 8, na viongozi wa pande zote mbili waliunga mkono. Wabunge wa Jubilee, chama tawala, na wa upinzani walipaza sauti pamoja ukumbini kuukataa. Hawakuhesabiwa mmoja mmoja. Kiti kiliamua kwa kusikiliza sauti, kikatangaza kwamba waliosema ndiyo wameshinda. Ushuru huo uko nasi hadi leo, na Julai 2023 ulipandishwa hadi asilimia 16. Unaulipa ukipanda matatu, unaulipa tena ukinunua nyanya iliyoletwa mjini na lori.

Mwaka uliofuata, Bunge lilipandisha kikomo cha deni la taifa hadi shilingi trilioni 9, wakati deni lenyewe lilikuwa karibu trilioni 6. Huo ulikuwa uamuzi mkubwa wa kiuchumi, wa kuwabebesha mzigo watoto ambao bado hawajazaliwa. Ulistahili mabishano ya wiki nzima, mbunge kwa mbunge, usiku hata mchana. Haukuyapata, kwa sababu aliyepaswa kubisha alikuwa amekwisha kuketi na mwenyeji. Kufikia katikati ya 2024 deni lilikuwa limevuka trilioni 10.

Na 2024 yenyewe tunaikumbuka. Juni 25, wabunge 195 walipigia kura ya ndiyo mswada wa fedha, 106 wakaukataa. Siku hiyo vijana wetu walipigwa risasi nje ya Bunge. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini mswada ambao muungano wake mwenyewe ulikuwa umeupitisha. Kwa maoni yangu, zile kura 106 zilikuwa na thamani kubwa kwa uchumi wa nchi hii, hata kama zilishindwa, kwa sababu zilithibitisha kwamba kulikuwa na hoja nyingine.

Lakini tazama kilichofuata. Agosti mwaka huo huo, wanachama wa ODM, chama cha Raila, waliingia katika Baraza la Mawaziri, katika kile tulichoambiwa ni serikali jumuishi. John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa PAC, akawa Waziri wa Fedha. Opiyo Wandayi, aliyekuwa kiongozi wa wachache katika Bunge la Kitaifa, akapewa Kawi. Sipingi uwezo wao, na Mbadi ni mhasibu anayezijua hesabu. Nasema tu kwamba mkaguzi na kiongozi wa wanaokagua walihamia siku moja upande wa wanaokaguliwa. Kufikia Desemba, sheria mpya ya kodi ilikuwa imetiwa saini, ikiwa na baadhi ya mapendekezo yaliyokataliwa Juni.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa nikumbuke ghasia za baada ya uchaguzi za mapema 2008, watu zaidi ya 1,100 walipouawa na ukuaji wa uchumi ukaporomoka hadi chini ya asilimia 1. Nakumbuka, na sitaki turudi huko hata hatua moja. Viongozi na wasalimiane, wale pamoja, watulize wafuasi wao. Hakuna lolote katika amani hiyo linalohitaji kiti cha PAC kiwe sehemu ya mapatano.

Kwa desturi na kwa kanuni za Bunge, kamati hiyo huongozwa na mbunge ambaye si wa upande wa serikali. Kanuni ziongezwe sentensi moja zaidi: chama chenye wanachama katika Baraza la Mawaziri kihesabiwe kuwa upande wa serikali, kwa jina lolote kitakalojiita, na kipoteze haki ya kuongoza kamati zinazokagua matumizi. Wabunge wanaweza kulifanya hilo kabla ya uchaguzi wa 2027. Muulize wako kama ataliunga mkono, na umuulize mbele ya watu.