MKAGUZI AKIOGOPA SIMU YA KIGOGO, TRENI ITAUA!

(Hii ni hotuba ya mkaguzi mstaafu wa njia ya reli kwa vijana wa chama, katika mkutano wa tawi jijini Dar es Salaam. Tumeipunguza kidogo kwa sababu ya nafasi. – Mhariri)



Mwenyekiti aliponitambulisha kuwa nilikuwa mkaguzi wa serikali, nilisikia mguno kule nyuma. Nawaelewa. Kwa kijana wa mjini, mkaguzi ni yule jamaa anayesimamisha gari, anazungumza na kondakta pembeni, kisha safari inaendelea. Mkaguzi ninayetaka kumzungumzia leo hana kondakta wa kuzungumza naye. Ana kofia, chupa ya maji, daftari, na geji begani. Anatembea juu ya mataruma kutwa nzima, jua la Dodoma likimchoma utosi, anatafuta kitu ambacho abiria hatakiona kamwe.

Geji ni chuma cha kupimia upana wa njia. Reli ya Kati, ile waliyoianza Wajerumani hapa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ni 1,067. Hii SGR mpya ni 1,435. Nchi moja, reli za vipimo vitatu, na behewa la huku haliwezi kutambaa kule. Njia ikipanuka kupita kiasi, gurudumu linadondoka katikati. Ikibana, gurudumu linapanda juu ya reli. Kinachoishikilia isipanuke ni vibanio vidogo vya chuma, mataruma na kokoto. Basi. Roho za watu elfu moja zimeshikiliwa na vibanio ambavyo mwizi anaweza kuving'oa kwa nyundo usiku mmoja.

Na hapa niwe mkweli kwenu. Wapo vijana wanaonunua vyuma chakavu bila kuuliza vimetoka wapi. Taruma la chuma halioti shambani. Ukiletewa kibanio cha reli kwenye mzani wako, ujue kuna mama yuko ndani ya behewa na mtoto mgongoni, na anakuja.

Jua nalo ni adui. Chuma kikipata joto kinarefuka. Reli ya kilomita moja ikiongezeka nyuzi 10 za joto, hutaka kurefuka kwa zaidi ya sentimita 11. Isipopata nafasi, inajipinda kama nyoka. Maji ndiyo mabaya zaidi. Wanaosafiri na treni wanakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010, njia kati ya Kilosa na Gulwe ilivyozolewa, usafiri ukasimama kwa miezi. Pale mto unatembea sambamba na reli kama jirani mwenye kesi ya mpaka. Kalavati likiziba kwa matawi leo, kesho tuta limekwenda.

Sasa msidhani mkaguzi wa serikali anatembea nchi nzima. Hawezi. Hata Marekani, wenye wakaguzi wa serikali kuu wapatao 400, taarifa ya wakaguzi wa Bunge lao ya mwaka 2013 ilisema wanaweza kukagua chini ya asilimia moja ya shughuli za reli. Zilizobaki zinakaguliwa na kampuni zenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya mkaguzi wa serikali ni kumkagua aliyekagua. Anafungua madaftari. Nimefungua daftari nikakuta ukaguzi wa mwezi mzima umeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, bila alama ya grisi wala tone la mvua, na mwezi wenyewe ulikuwa wa masika! Daftari safi namna hiyo limeandikwa mezani. Ukiliona, chukua geji yako ukaanze kutembea.

MLIMA WA IGANDU

Wengi wenu mlikuwa watoto, wengine hamjazaliwa. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam, imebeba watu zaidi ya 1,200, ilikuwa inapanda mlima wa Igandu mkoani Dodoma. Breki zikashindwa kuishikilia. Ikaanza kurudi kinyumenyume. Ikateremka, ikateremka, kasi inaongezeka, watu wanapiga kelele wanarukia madirishani, hadi ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Walikufa watu 281. Ndiyo ajali mbaya kuliko zote za reli katika historia ya nchi hii.

Siku 30 kabla ya hapo, tarehe 25 Mei 2002, pale Tenga, karibu na Maputo, Msumbiji, mabehewa ya abiria yalitenganishwa na ya mizigo baada ya treni kupata hitilafu. Yakateremka yenyewe, yakagonga. Karibu watu 200 wakafa. Jirani amelia mwezi mzima, sisi tukafuata.

Lakini habari hii ni ya zamani zaidi. Tarehe 12 Juni 1889, huko Armagh, Ireland, treni iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili wanaokwenda matembezini ilikwama mlimani, kileleni wanakuona kwa macho. Wakuu wa treni wakaamua kuikata vipande viwili, kichwa kipeleke mabehewa ya mbele kwanza kisha kirudi. Breki yao ilikuwa ya aina ambayo ukilikata bomba, mabehewa ya nyuma yanabaki bila breki isipokuwa ile ya mkono ya behewa la gadi. Wakaweka mawe chini ya magurudumu. Mawe! Kichwa kilipotikisika kidogo kurudi nyuma, mawe yakasagika, mabehewa 10 yakateremka na kuikuta treni nyingine inapanda. Watu 80 walikufa, watoto wakiwemo.

Serikali ya Uingereza ilimtuma mkaguzi wake, Meja Jenerali Hutchinson. Si malaika huyo. Ndiye aliyelikagua daraja la Tay kule Uskochi mwaka 1878 akalipitisha, na Desemba 1879 likaanguka usiku wa dhoruba na treni ikiwa juu yake. Aliitwa akahojiwa hadharani kama mtu mwingine yeyote. Hilo ndilo nalolipenda. Sahihi yake ilikuwa na jina, na jina lilikuwa na mtu, na mtu aliitwa kujibu. Baada ya Armagh Bunge lao halikungoja semina. Kufikia mwisho wa Agosti mwaka ule ule sheria ilikuwa tayari: kila treni ya abiria iwe na breki inayojifunga yenyewe treni ikikatika, na treni mbili zisiwekwe kwenye kipande kimoja cha njia kwa wakati mmoja.

Nieleze breki hiyo, maana si kama ya daladala. Bomba la hewa linapita chini ya mabehewa yote, kuanzia kichwa hadi mkia. Hewa ikijaa, breki zinaachia. Hewa ikitoka, kwa dereva kutaka au kwa bomba kukatika, breki zinabana. Akili kubwa imetumika hapo: kitu kikiharibika, treni isimame badala ya kukimbia. Lakini behewa likiwa bovu, karakana inaweza kulifungia breki yake ili treni iondoke. Behewa moja, sawa. Mawili, haya. Yakifika nusu, una treni inayoonekana nzima machoni lakini haina miguu ya kusimamia. Kazi ya mkaguzi ni kuhesabu, behewa kwa behewa, kabla ya kipenga, siyo kuuliza.

Tena hewa huvuja. Julai 2013, Lac-Mégantic, Kanada, treni ya matangi 72 ya mafuta iliachwa mlimani usiku bila mtu. Dereva alikuwa peke yake kwenye zamu. Alifunga breki za mkono 7 tu. Kichwa kikashika moto, kikazimwa, hewa ikavuja taratibu, treni ikaondoka yenyewe ikaingia mjini. Watu 47 waliteketea. Wachunguzi waliposema, hawakuishia kwa dereva. Walisema pia kwamba serikali haikuisimamia kampuni ile ipasavyo.

Ndiyo maana sipendi nikisikia maneno "kosa la dereva" kabla maiti hazijazikwa. Dereva ndiye mtu wa mwisho kwenye foleni ndefu ya watu waliosaini.

NANI ANAPIGA SIMU?

Niwape kisa kimoja, ofisi siitaji. Baada ya mvua nilikuta nguzo ya daraja imeliwa na maji upande wa chini. Nikaandika treni zipite kwa kilomita 10 kwa saa hadi itengenezwe. Jioni simu ikalia: ratiba inavurugika, kuna mheshimiwa anasafiri, ondoa kizuizi hicho. Nikajibu, sawa mkubwa, nitumie maagizo hayo kwa barua yenye sahihi yako nami nitayatekeleza mara moja. Barua haikuja mpaka leo. Kizuizi kilibaki, mheshimiwa akapita polepole akisoma gazeti. Wiki mbili baadaye nikahamishiwa masjala kupanga mafaili, "kwa manufaa ya umma." Mnaijua lugha hiyo.

Kwa hiyo sheria pekee haitoshi. Marekani mkaguzi akikuta kichwa cha treni hakifai, anatoa hati, na kampuni hairuhusiwi kukitumia tena hadi kitengenezwe. Haombi ruhusa kwa tajiri. Kwetu, kazi ya kusimamia usalama wa reli ilikuwa ya SUMATRA, na tangu 2019 ni ya LATRA, hao hao mnaowajua kwa nauli za daladala. Linalonisumbua ni hili: LATRA iko chini ya Wizara ya Uchukuzi, na TRC iko chini ya wizara hiyo hiyo. Anayekagua na anayekaguliwa wanakula sahani moja, mwenye sahani ni waziri mmoja. Sisemi watu wa pale ni wabaya. Nimefanya kazi na vijana wa pale ambao ningewakabidhi familia yangu. Nauliza tu: kijana huyo akisema treni haiondoki, na waziri amekwisha kuwaita waandishi wa habari stesheni, nani atamlinda?

Swali hili ni kubwa zaidi sasa kuliko enzi zangu. Tangu katikati ya 2024 mnapanda treni ya umeme kwenda Morogoro na Dodoma, inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Ni kitu kizuri, nami nimeipanda, na tusiwe chama cha kupinga kila kitu hata kiti laini. Ila kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kuizuia huongezeka mara nne. Uzembe uliokuwa unaangusha behewa moja la mahindi sasa utaangusha kitu kingine.

Tunachotaka wabunge wetu wakidai ni hiki. Chombo cha kuchunguza ajali za reli kiwe peke yake, mbali na msimamizi na mbali na mwendeshaji. Waingereza walifanya hivyo mwaka 2005, baada ya ajali ya Ladbroke Grove, London, ya mwaka 1999 iliyoua watu 31. Walitambua kwamba hata msimamizi mwenyewe anaweza kuwa sehemu ya kosa. Pili, ripoti ya ukaguzi ibandikwe stesheni, kwa Kiswahili, pale pale kwenye ratiba. Ripoti ya Armagh ya 1889 inasomwa na yeyote hadi leo. Mmewahi kuona ripoti ya ukaguzi imebandikwa ukutani pale Stesheni? Tatu, mkaguzi asihamishwe wala kusimamishwa kazi kwa sababu ya kizuizi alichoweka, mpaka watu wasiokuwa wakubwa wake wakae na kuangalia kama kizuizi kilistahili. Akithibitika ni mzembe, aondoke. Akithibitika alikuwa sahihi, aliyepiga simu ndiye aende masjala.

Kuna kijana aliniuliza mlangoni kama kazi hii inaingilika. Inaingilika. Soma ufundi, wa ujenzi, wa mitambo au wa umeme, halafu kabla ya kutaka cheo kafanye kazi na genge la njia angalau misimu miwili ya mvua. Mnyapara wa genge aliyeishia darasa la saba atakufundisha kusikiliza reli kwa nyundo. Nzima inalia kama kengele, yenye ufa inatoa sauti butu. Hilo chuoni utasomewa, lakini sikio utalipata kule porini.

Nimemaliza, Mwenyekiti. Maswali yaanze, na yule aliyeguna kule nyuma apewe nafasi ya kwanza.