KWA NINI VITU VINGINE HUELEA NA VINGINE HUZAMA

Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyotungwa kwa ajili ya wakazi wa mtaa wa Umoja, Nairobi.



Hakuna mkazi wa Umoja asiyejua uzito wa maji. Siku ambazo mifereji imekauka, watu hupanda ngazi na mitungi ya lita 20 mpaka ghorofa za juu. Na kwa kuwa lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja, kila mtungi uliojaa hupita kilo 20. Lakini mtu huyo huyo akiutosa mtungi wake uliojaa ndani ya pipa la maji, atauona mwepesi kana kwamba hauna kitu. Akiuinua ukatoka nje, uzito wake hurudi mara moja. Je, uzito ule ulikuwa umekwenda wapi?

Haukwenda popote, ulikuwa umebebwa na maji. Jambo hili lilielezwa na Archimedes, Myunani wa mji wa Sirakusa, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Kanuni yake ni hii: kitu kikiingia majini husukuma maji kando ili kipate mahali, nayo maji hukisukuma kitu hicho juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa. Kama kitu ni kizito kuliko maji yote kinayoweza kuyasukuma, kitazama. Kama ni chepesi kuliko maji hayo, kitaelea.

Basi swali si kama kitu ni kizito, bali ni kizito kuliko maji kiasi gani. Mtu na achukue kijiko cha chuma na sufuria tupu, aviweke katika karai la maji. Kijiko ni chepesi, lakini kitazama. Sufuria ni nzito zaidi, lakini itaelea. Sababu ni kwamba kijiko husukuma maji kidogo mno, na chuma ni kizito karibu mara nane kuliko maji ya ujazo ule ule. Sufuria, kwa umbo lake, imefunga hewa nyingi ndani ya kuta zake. Ikiwa uzito wake ni nusu kilo, ikisukuma nusu lita tu ya maji imekwisha kupata wa kuibeba.

Meli ya chuma ni sufuria kubwa. Kadiri inavyopakiwa ndivyo inavyoshuka, mpaka imesukuma maji yenye uzito sawa na wake pamoja na shehena. Lakini sufuria ikitiwa vitu upande mmoja hupinduka hata kabla haijajaa, na chombo cha baharini ni vivyo hivyo. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe huko Mombasa, ikiwa imejaa watu kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na pwani, na watu 272 wakafa. Kwa hiyo anayekataa kupanda chombo kilichojaa si mwoga, anajua hesabu.

Watu wa Umoja waweza kudhani kwamba mambo haya ni ya watu wa pwani. Sivyo. Mto Nairobi na Mto Ngong hupita katika sehemu za mashariki za jiji, na mvua za Machi hadi Mei 2024 zilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 200 katika Kenya. Katika mafuriko, kanuni ya sufuria ndiyo kanuni ya motokaa.

Na tufanye hesabu. Motokaa ndogo ina uzito wa kilo 1,200 hivi. Urefu wake ni kama mita 4, na upana wake mita moja na nusu. Maji yakipanda sentimita 10 juu ya sakafu yake, imesukuma lita 600. Yakipanda sentimita 20, imesukuma lita 1,200, yaani uzito wake wote. Hapo magurudumu huacha barabara, na usukani na breki havina kazi tena. Mkondo huichukua unakotaka, na maji yakiisha kuingia ndani, huzama. Hata basi halisalimiki. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililojaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi katika Kaunti ya Kitui, lilisombwa likazama, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha.

Mwenda kwa miguu naye yumo katika kanuni hiyo. Maji yakimfika kiunoni, karibu nusu ya uzito wake imebebwa, na nyayo zake hazishiki chini kama alivyozoea. Ndiyo sababu mtu mwenye nguvu huangushwa na mkondo ambao kwa macho ulionekana mdogo.

Akisha kuanguka, afanye nini? Mwili wa binadamu hulingana karibu sawa na maji. Mapafu yakijaa hewa, watu wengi huelea. Yakiwa matupu, wengi huzama. Anayepiga makelele hutoa hewa yake, na anayeinua mikono juu huuongezea mwili mzigo, kwa kuwa mikono iliyo nje ya maji haibebwi tena. Afadhali alale chali, avute pumzi kwa kina, na aiache mikono yake ndani ya maji.

Naye aliye ukingoni asijitose kwa huruma, wasije wakafa wawili. Na arudi kwenye ule mtungi. Mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kizibo barabara una uzito wa kilo moja au zaidi kidogo. Ukizamishwa, husukumwa juu kwa nguvu ya kuinua kilo 18 hivi. Mtu aliye majini huhitaji kilo chache tu ili kichwa chake kikae juu. Basi mtungi huo ukifungwa kamba na kutupwa kwake, watosha kumwokoa.

Wahenga walisema kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Kwa maji ya mafuriko, hata aliyekwisha kuvua nguo afadhali azivae tena, arudi nyumbani, na angoje mto upungue.