Tofali la Mengo: Kupanga Kabla ya Kuchangisha

(Hotuba kwa wahazini, makatibu na viongozi wa huduma za jamii, Lubaga)



Nimeombwa nizungumze juu ya njia mpya za kuchangisha fedha kwa ajili ya huduma zetu: vituo vya watoto, zahanati ndogo, karo za yatima, misaada ya wajane. Naona wengine mmeshika kalamu mkisubiri orodha. Orodha nitawapa sasa hivi, haimalizi hata dakika moja. Chakula cha jioni cha tiketi. Matembezi ya hisani. Mchango wa kila mwezi kwa simu. Barua kwa kampuni. Mradi wa biashara. Ndugu walioko ng'ambo. Basi, imeisha! Hizo njia kila mtu anazijua. Kigumu ni kujua ipi kati ya hizo inaifaa huduma yako wewe, mwaka huu, kwa watu ulio nao.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai 1 mwaka huohuo USAID ilikuwa imeacha kufanya kazi kama shirika la kujitegemea. Labda huduma yako haijawahi kupokea dola moja kutoka huko. Sawa. Lakini jiulize: yule mfadhili wako mmoja mkubwa, awe kanisa la Ulaya au mfanyabiashara wa hapa mjini, akifunga mkono kesho asubuhi, watoto watakula kwa wiki ngapi? Andika hiyo idadi ya wiki kwenye karatasi. Mpango mkakati unaanza na namba hiyo. Maneno ya dira na dhamira yatafuata, wala hayana haraka.

Kuna mtoto yuko senior two. Aliambiwa, "Tutakulipia mpaka senior four." Yeye hana habari za mpango mkakati. Anachojua ni kama jina lake litasomwa mbele ya darasa, aambiwe arudi nyumbani akalete karo. Kwa hiyo tukisema "mpango", tunasema habari ya ahadi ambayo tayari mtu ametoa kwa niaba yetu.

Sasa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Toka hapa uelekee Mengo, ni kilima jirani, bado uko ndani ya Lubaga. Pale Bulange ndiko makao ya serikali ya Kabaka wa Buganda. Najua wengine mtasema, sisi ni watu wa kanisa, mambo ya ufalme yanatuhusu nini? Mimi nasema kwenye hesabu tujifunze kwa yeyote anayejua hesabu.

Usiku wa Machi 16, 2010 makaburi ya wafalme pale Kasubi yaliungua. Kasubi ilikuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na baada ya moto ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mei 2013 Charles Peter Mayiga akawa Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda. Akakuta Kasubi haijakamilika, na pale Mengo jengo la Masengere nalo halijaisha. Akaanzisha kampeni iliyoitwa Ettoffaali. Tofali! Neno ni lilelile letu la Kiswahili. Akazunguka wilaya za ufalme, zinazoitwa masaza, moja baada ya nyingine, na watu wakaleta walichokuwa nacho: noti, sarafu, mbuzi, kuku. Aliyekuwa na kidogo akaleta kidogo, naye akahesabiwa kuwa ameweka tofali.

Hebu tuangalie kwa nini njia ile iliifaa kazi ile. Fedha zile zilikuwa za jengo, na jengo lina mwisho. Mtoaji anaweza kupita barabarani akaona ukuta umepanda. Kazi kama hiyo inabeba vizuri kampeni ya kelele na shangwe, kwa sababu shangwe hudumu muda mfupi, na jengo halihitaji shangwe milele. Kasubi ilitolewa kwenye ile orodha ya hatari mwaka 2023. Ni miaka 13 tangu moto. Kwa hiyo hata jengo lina subira yake.

Lakini ofisi haiendeshwi kwa tofali. Mishahara, umeme, safari, hivyo vinarudi kila mwezi. Kwa mahitaji ya namna hiyo wana kitu kingine, Luwalo Lwaffe. Masaza hupeana zamu kuja Bulange na mchango wao. Zamani za ukoloni luwalo ilikuwa lazima, mtu anafanya kazi ya umma au analipa badala yake. Siku hizi ni hiari, ila mtindo wa zamu umebaki. Angalia ujanja wake: hakuna anayeombwa kila wiki, lakini kikapu hakikai tupu, kwa sababu leo ni zamu ya hawa, kesho ya wale.

Halafu kuna mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka, karibu na Aprili 13 kila mwaka. Mtu ananunua fulana, anakimbia au anatembea, anapiga picha. Fedha zimeelekezwa kwenye afya: fistula, halafu selimundu, halafu mapambano na UKIMWI. Hapo hata asiye Muganda anaingia, na kampuni kama Airtel inadhamini kwa sababu jina lake linaonekana katikati ya watu maelfu. Kampuni haitadhamini bili yako ya umeme. Fulana itadhamini.

Na mwaka 2017 Katikkiro huyohuyo akaanza kuhimiza watu wapande kahawa, kampeni iliyoitwa Emmwanyi Terimba, maana yake kahawa haidanganyi. Mimi naona hiyo ndiyo hatua ya akili kuliko zote. Ukiomba watu walewale mwaka baada ya mwaka bila kujali mifuko yao inajazwa na nini, utawachosha. Alikwenda kwenye chanzo cha fedha yenyewe.

Kwa hiyo mahali pamoja, watu walewale, njia nne. Kila njia ina kazi yake. Sisi tunafanya kinyume: tunasikia kanisa la jirani limefanya chakula cha jioni, na sisi tunafanya chakula cha jioni, halafu ndipo tunakaa kujadili fedha ni za nini. Tena tusiige Mengo kichwa kichwa. Wao wana Kabaka, na wana redio yao, CBS. Wewe una ushirika wa watu mia mbili, na una kitu ambacho Mengo wanakipata kwa shida: unamjua kila mtoaji kwa jina, na nyumba yake unaijua.

Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu husinzia. Tuseme huduma ina watoto 40, karo ya kila mmoja shilingi 450,000 kwa muhula, mihula mitatu. Kila mtoto ni 1,350,000 kwa mwaka, na wote ni milioni 54. Tuseme mfadhili mmoja wa nje alikuwa anatoa milioni 40, sasa ameandika barua ya kuaga.

Kamati inasema, tufanye chakula cha jioni. Tiketi 120 kwa shilingi 100,000, ni milioni 12. Wote wanapiga makofi. Sasa toa ukumbi, chakula, muziki, mapambo, viti: milioni saba na nusu. Kimebaki milioni nne na nusu. Ni watoto watatu. Miezi miwili ya mikutano, akina mama wamechoka, na umepata watoto watatu. Na hapo sijagusa ahadi za jukwaani, zile mgeni rasmi anasimama, anataja milioni mbili, kamera zinawaka, na simu yake kuanzia Jumatatu haipokelewi. Ahadi usiiandike kwenye bajeti kama pesa. Iandike pembeni, kwa penseli.

Njia nyingine: watu 200 wanaombwa shilingi 5,000 kila mwezi. Usipige hesabu ya 200. Piga ya wale watakaoendelea, tuseme 130. Ni 650,000 kwa mwezi, milioni saba na laki nane kwa mwaka. Watoto watano, na chenji inabaki. Gharama yake ni ndogo, ingawa haikosi: Uganda inatoza asilimia 0.5 kwenye kutoa pesa za simu, kwa hiyo ukitoa hiyo 650,000 serikali inachukua 3,250, na kampuni ya simu inachukua yake juu. Kodi hii ilianza Julai 2018 kwa asilimia 1, watu wakalalamika, mwaka huohuo ikapunguzwa. Mpango wako uwe na mstari wa mambo kama hayo, maana sheria hubadilika katikati ya mwaka bila kukuuliza.

Umeona? Ukiweka zote mbili pamoja, ni milioni 12 na kidogo. Pengo ni milioni 40. Hapa ndipo mpango unasema neno ambalo kamati haipendi kulisikia: mwaka huu tusipokee mtoto mpya hata mmoja. Wale 40 tulioahidi, tuwasindikize mpaka mwisho, tukianza na walio karibu na mtihani. Milioni 28 zilizobaki zitafutwe kwa watu wachache, uso kwa uso, kabla yule mfadhili hajaondoka kabisa. Mwombe yeye mwenyewe apunguze kwa miaka miwili badala ya kukata mara moja. Wengi hukubali jambo hilo wakionyeshwa hesabu safi. Wasiokubali, angalau umejua mapema.

Kalenda nayo ina siri. Hapa Uganda shule hufunguliwa Februari, Mei na Septemba. Ukizindua mchango Februari unapigana na karo ya mtoto wa mtoaji mwenyewe, na atakayeshinda unamjua. Ndugu wa Masaka ana pesa wakati wa kuuza kahawa. Mwenye mshahara ana pesa mwisho wa mwezi, kwa siku tatu hivi. Na mikutano ya harusi, jamani! Watu walewale unaotaka kuwaomba, kila Jumamosi wanakaa kwenye mikutano ya harusi wakiandikisha michango. Usiwalaumu. Jifunze kwao: kuna orodha, kuna jina, kuna mtu anayepiga simu kufuatilia, na kiasi kinasomwa mbele ya wote.

Sisi tuko nchi zaidi ya moja, na hilo linahitaji akili. Mkenya amezoea paybill ya M-Pesa, na amezoea harambee tangu enzi za Mzee Kenyatta. Tena anaiogopa kidogo, maana amewahi kuona harambee ikigeuzwa jukwaa la siasa. Mtanzania atauliza Lipa Namba. Ndugu wa Goma au Bukavu anaweza kukupa dola mkononi na kukuomba karatasi. Msilazimishe wote njia moja ya Kampala. Ila kote kanuni iwe hii: namba ya kupokelea iwe na jina la huduma, kamwe isiwe simu ya mchungaji, hata awe mtakatifu namna gani. Mtu akituma 5,000 na kuona jina la mtu binafsi, mara ya pili hatumi, wala hatakwambia kwa nini.

Njia nyingine zikataeni mapema, hata kama zina pesa. Bahati nasibu, kwa mfano. Mbali na dhamiri zetu, Uganda ina sheria ya mwaka 2016 ya michezo hiyo na inataka leseni. Mfadhili anayetaka picha ya mtoto akilia, mkatae pia. Biashara ambayo hakuna hata mmoja wenu amewahi kuifanya, iacheni kwanza. Kuku wa kituo hufa kwa bidii kuliko kuku wa mtu.

Inasemekana jina Lubaga linatokana na neno la Kiganda okubaga, kuanza kuweka umbo la jengo kabla halijawa jengo. Kanisa kuu la Wakatoliki lililo juu ya kilima hiki lilianza kujengwa 1914, likawekwa wakfu 1925. Miaka 11. Nalitaja kwa sababu kuna kamati hujaribu njia mpya wiki sita, ikiona hela hazijaja inahamia nyingine. Chagueni njia moja au mbili tu. Zipeni miezi sita. Kabla ya kuanza, andikeni namba ambayo isipofikiwa mtaacha, na nani atasema "tuache". Msiandike baadaye, mioyo itakuwa imeshapenda.

Na wewe unayesoma haya nyumbani, ambaye hukuwepo ukumbini: chukua daftari la hesabu la mwaka jana, orodha ya watoto kwa majina na madarasa, na kalenda. Kaa na mhazini wako na mtu mmoja anayetoa lakini hayumo kwenye kamati. Muulize huyo wa tatu kwa nini anatoa, halafu nyamaza aseme. Kisha pigeni hesabu ya zile wiki.